Mama wa Mhezi Akichagua Maharage

Kamera yangu niliinunua kwa mpiga picha wa harusi hapa Same mjini, siku aliponunua kubwa zaidi. Ilikuwa na mkwaruzo ukingoni mwa lenzi na mkanda uliokatika ukaungwa kwa fundo. Sikuinunua iwe kazi. Kazi ninayo: nauza dawa za mifugo kwenye duka moja karibu na soko, katikati ya makopo ya dawa ya kupe na harufu isiyotoka nguoni hata ukifua mara tatu. Kamera ilikuwa ya Jumapili baada ya ibada. Nilipiga mawingu yalivyokalia milima, mashamba ya tangawizi, akina mama wakishuka na mikungu ya ndizi, mbuzi wakivuka barabara kuu kana kwamba mabasi yote yameumbwa kuwasubiri wao.

Picha hizo nilikuwa nazipandisha kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wa milima yetu wanaoishi mbali. Wengi waliandika neno moja tu, "Nyumbani," wakaishia hapo. Mwanamume mmoja aliandika kwamba ameona paa la shule aliyosoma, akatoka nje ya ofisi kwenda kulia. Nilisoma maneno hayo dukani huku mteja akinisubiri, nikayarudia tena. Sitaficha kwamba yalinipa kiburi.

Katika watu hao alikuwapo mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ndani Maskati. Kwao ni Mhezi, huko juu milimani. Aliniandikia inboksi.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Naona unafika hadi Chome. Siku ukipita Mhezi naomba unipigie mama yangu picha. Miaka mitano sijamwona uso. Nikipiga simu ya video naambiwa mtandao mbaya."

Nilimjibu kwamba Jumapili ijayo nitapanda. Ombi lake lilikuwa dogo, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kupanda.

Nyumba haikuwa mbali na kanisa. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, migomba nyuma yake, na uwanja uliofagiwa ukabaki na mistari ya fagio. Aliyenipokea alikuwa mkamwana wa yule mama, mwanamke wa rika langu. Mumewe anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare na hupanda mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani walikuwa wao wawili tu. Nilipomweleza nimetumwa na nani na nimekuja kufanya nini, alijifuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko maji yaliyokuwa mikononi.

"Ngoja nimwambie," alisema.

Mama alitoka akipitisha kiganja ukutani. Alikuwa mrefu, amenyooka, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba na babu na kitongoji tulikotoka kabla ya kuhamia Same. Akataja ukoo wetu kabla sijaufikia, akacheka. Tuliendelea kwa Kipare. Macho yake yalikuwa mazuri, meusi, hayana doa hata moja. Niliposogea kuweka mkoba kwenye kigoda, hayakunifuata. Yalibaki pale niliposimama mwanzo.

Aliniambia mwenyewe kabla sijauliza. Presha ya macho. Lilianza jicho la kushoto mwaka uliofuata baada ya binti kuondoka, kisha la kulia. Hospitali walimwambia kilichokufa hakirudi, na kwamba amechelewa. Kilichobaki ni kujua mwanga uko upande gani.

"Na mwanao?" niliuliza.

"Hajui. Na wewe hutamwambia."

"Akiniuliza je, mama?"

"Hatakuuliza. Nani anauliza kama mama yake anaona? Akijua atavunja mkataba aje. Wanawe wako shule ya bweni, wanasoma kwa mikono yake. Akija atafanya nini? Atakaa hapa tutazamane? Mimi nitamtazama na nini?"

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni.

Tukapiga picha. Mama ndiye aliyepanga. Alikaa kizingitini, akageuza uso mpaka jua likamgusa shavu, akaomba ungo wa maharage mapajani. Alichagua maharage kwa vidole, akitupa mabovu na vijiwe bila kukosea, upesi kunishinda mimi mwenye macho. "Sasa sema," aliniambia, "nijue nitazame wapi." Nikawa naongea nyuma ya kamera, na yeye anafuata sauti. Nilipiga nyingi. Karibu zote macho yalipita pembeni yangu, yakaenda kwenye migomba. Katika moja tu yalitua katikati ya lenzi, na mdomo ukiwa umefunguka kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake.

Hiyo ndiyo niliyomtumia binti.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Kwanza kilisikika kilio tu, halafu: "Anang'aa, dada. Mama yangu hajazeeka. Ananitazama mimi." Akaniomba niiweke kwenye kundi, kila mtu amwone. Nikaiweka. Ilipendwa kuliko picha zangu zote. Mtu mmoja aliandika, "Macho ya mama huyu yanaongea." Mwingine akauliza ninatumia kamera gani. Kuna aliyesema picha kama hii haifundishwi, mtu huzaliwa nayo.

Nilijua nimefanya nini. Lakini kila nilipofungua simu nilitazama kwanza idadi ya walioipenda imefika ngapi. Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe alisimama mbele ya kaunta yangu, akagonga meza kwa sarafu, akaniambia, "Mama, mimi nipo hapa." Niliona aibu, nikaweka simu kwenye droo. Baadaye kidogo nikaitoa.

Miezi kadhaa ikapita. Mvua za masika zikakata njia ya juu, sikupanda. Kisha binti akaandika tena. Alikuwa amempa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani Biblia ya maandishi makubwa, impunguzie mama taabu ya kusoma uzeeni. Imefika wiki iliyopita. "Naomba umpige akiisoma," aliandika. "Nitaifanya kubwa niibandike chumbani kwangu."

Ujumbe ule niliusoma dukani asubuhi. Mpaka tunafunga nilikuwa sijamjibu.

Jumapili nilipanda. Barabara ilikuwa imeliwa na maji, na nusu ya safari nilishuka kwenye pikipiki nikatembea. Nilimkuta mama amevaa gauni la kanisani, amekaa pale pale kizingitini. Biblia ilikuwa mapajani, mpya, jalada jeusi, utepe mwekundu. Mkamwana alikuwa amemfungulia mahali, akamshika kidole cha shahada akakiweka juu ya mstari.

"Nipo tayari," mama alisema. "Hii zaburi naijua tangu kipaimara. Nitaisema kwa moyo, wewe piga."

Akaanza kuisema. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeimba kwaya miaka mingi. Kidole kilitembea kwenye karatasi, kikafika mwisho wa mstari, kikarudi, kikashuka. Mtu asiyejua asingeshuku kitu. Niliinua kamera. Kwenye kioo nikaona kwamba ukurasa ule haukuwa wa Zaburi. Ulikuwa ni orodha ya majina ya ukoo, fulani akamzaa fulani, na kidole kinapita juu yao kwa heshima yote.

Nikaishusha kamera.

"Mbona husikiki?" aliuliza. Alikuwa anasubiri mlio.

"Mama, hii siwezi."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kumtumia mwanao picha hii."

Alifunga kitabu taratibu, utepe ukabaki nje. "Ile ya kwanza uliwezaje?"

Ningeweza kusema kwamba yeye ndiye aliyeniomba, na ingekuwa kweli. Lakini kuiweka kwenye kundi na kuhesabu sifa siku baada ya siku, hilo hakuniomba.

"Nilikosea," nilisema.

"Hukukosea. Ulinisaidia. Sasa unataka kuniacha katikati ya njia."

Hapo mkamwana, ambaye tangu siku ya kwanza sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili matatu, aliketi chini karibu na mguu wa mkwewe.

"Mama, mimi nimechoka," alisema. "Kila Jumamosi anapiga. Simu kubwa alituma yeye ili akuone. Na mimi ndiye ninayemwambia mtandao mbaya. Naizima kamera, nasema haifanyi kazi. Wifi yangu ananiombea kwa Mungu kwa sababu nakutunza, na mimi namdanganya. Jumamosi ikikaribia natamani simu iharibike."

Mama alinyoosha mkono akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mkamwana wake, akauacha hapo. Kanisani kwaya ya ibada ya pili ilianza, ikamaliza wimbo mzima, na mkono ulikuwa bado pale.

"Mtandao mzuri uko wapi?" mama aliuliza mwishowe.

"Kule juu, penye miti ya shule."

"Nipelekeni. Lakini nitasema mwenyewe. Nyinyi msimalizie maneno yangu."

Tulimpandisha, mmoja kila upande, ingawa njia aliijua kuliko mimi. Mkamwana alipiga simu ya video. Binti alipokea papo hapo, yuko jikoni kwa watu, nyuma yake masufuria yanang'aa. Mama alipopewa simu aliipeleka sikioni, kama ilivyo desturi yake. Kwa hiyo kitu cha kwanza mwanamke yule alichokiona cha mama yake baada ya miaka yote ile ni sikio, na ukingo wa kitambaa cheupe.

"Mama, nionyeshe uso! Ishushe!" alicheka kule.

Mkamwana akamshusha mkono taratibu, akamwelekezea simu usoni.

"Mwanangu," mama alisema, akitazama kidogo juu ya simu, kwenye matawi. "Mimi sioni. Macho yamekwisha. Hawa nimewakataza wasikwambie. Kama una hasira, nitukane mimi."

Binti aliisogeza simu yake mpaka uso wake ukajaa kioo.

"Tangu lini?" binti aliuliza.

"Tangu mwaka wa pili ulipoondoka."

Alilia bila sauti, mdomo umezibwa na kitambaa cha jikoni, maana pale hakuwa kwake. Kisha akauliza, "Na yule dada wa picha, yupo?"

Nikasogea. "Nipo."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Nimeionyesha picha ile kwa kila mtu hapa," alisema. "Nimeamka nayo kila siku. Nimesema, mwoneni mama yangu anavyonitazama." Akakata simu.

Alipiga tena kesho yake, lakini alimpigia mkamwana. Mimi alinifungia mawasiliano kila mahali. Niliifuta picha ile kwenye kundi, nikaandika kwamba nilimwonyesha mtu isivyo kweli na naomba radhi. Wengi hawakuelewa. Wengine walikasirika kwamba nimefuta picha nzuri. Mwanamume mmoja aliniambia kupiga picha ndiko kuchagua, hakuna aliyedanganywa. Nilimjibu kwamba yupo mmoja. Baada ya hapo nilikaa muda mrefu bila kuweka kitu, na kundi liliendelea vizuri tu bila mimi.

Binti hakuvunja mkataba. Mama yake alimsihi, na mwajiri naye hakuwa mtu wa kumwachia. Alimaliza miezi iliyobaki, akarudi, na habari za kurudi kwake nilizipata kwa mkamwana, aliyekuja dukani kununua dawa ya mbuzi. Aliniambia kwamba wifi yake hakumlaumu. Walilala chumba kimoja wote watatu wiki ya kwanza, wakizungumza mpaka jogoo wa jirani awanyamazishe.

Nilikutana na binti mwenyewe mara moja tu. Ilikuwa asubuhi, stendi ya Same. Alikuwa amemshika mama yake kiwiko, wanasubiri gari la kwenda kliniki ya macho, kulinda ule mwanga mdogo uliobaki. Ana uso wa mama yake kabisa. Alinitambua, nikaona anafikiri kama anipite. Hakunipita.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Salama. Pole na safari."

"Ahsante." Akatazama chini, kisha akanitazama. "Moyo wangu bado haujatulia juu yako. Nisikudanganye."

"Ni haki yako," nilisema.

Mama aliisikia sauti yangu akageuka. Alinyoosha mkono hewani, nami nikaupokea kwa mikono miwili nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kama Same mvua imenyesha, maana kule juu mahindi yanaanza kujikunja. Nikamwambia bado, jua kali tu. Akasema Mungu atajalia. Akaendelea kunishika mkono akiuliza habari za baba yangu, na binti yake akasubiri, begi begani, mpaka gari lilipofika.