Bi Hindu na Sindano ya Rangi

Mama yangu mkubwa, Bi Hindu, tumemzika mwezi uliopita hapa Malindi, Mola amrehemu. Alikuwa mtu wa kushukuru kupita kiasi. Ungemkuta ana homa, meno yanagongana, ukimwuliza hali anajibu, "Alhamdulillahi, mzima." Kwake, kutaja maradhi mbele ya mgeni ilikuwa kama kumshtaki Mungu kwa majirani.

Mwaka wa 1984 ugonjwa wa sukari ulianza kumla macho. Hakukubali, mpaka asubuhi moja alipomwamkia mbuzi wa jirani kwa heshima zote. Nikampeleka hospitali ya macho, Mombasa.

Daktari alitaka apigwe sindano ya rangi mkononi. Rangi hiyo husafiri na damu hadi nyuma ya jicho, kisha jicho hupigwa picha ionekane mishipa inayovuja. Muuguzi, Sista Mueni, msichana wa bara, alimweleza taratibu: ngozi itakuwa ya manjano hadi kesho, na mkojo rangi ya chungwa, asiogope. Wengine hupata kichefuchefu. Wachache sana huvimba au hukosa pumzi, ndiyo maana lazima aulizwe kwanza.

"Mama, umewahi kudhurika na sindano au dawa yoyote?"

"Alhamdulillahi."

"Kuwashwa? Kuvimba?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Na nyinyi huko kwenu hamjambo?"

Sista Mueni akachukulia kuwa ni hapana, akaanza kutafuta mshipa. Mwaka uliotangulia sindano ya penisilini ilimvimbisha uso mpaka macho yakafumba.

"Ngoja, Sista! Huyu alishavimba kwa sindano."

"Zuleikha!" mama mkubwa akanigeukia. "Wanisema mbele za watu?"

"Hapa hatusemani, mama," alisema Sista Mueni, ameshaiweka sindano chini. "Nisipojua, naweza kukuua."

Kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, mama mkubwa akasema, "Nilivimba. Na pumzi ilikuwa haba. Na kamba wa baharini nao huniwasha, lakini nawala."

Daktari akaitwa. Alimweleza hatari bila kuficha, akamwuliza kama bado anataka.

"Nataka kuona," akajibu.

Basi akapewa kwanza dawa ya kuzuia mwasho, dawa ya dharura ikawekwa karibu, na rangi ikaingizwa polepole. Katikati alitapika kwenye beseni, kisha akamshika Sista mkono. "Shingo yaniwasha. Nakwambia sasa hivi!"

Wakamtibu papo hapo, akatulia. Picha zikatoka, jicho la kulia lingeweza kuokolewa. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka. Alimweleza Sista habari za goti, jino, na mgongo unaomsumbua tangu uzazi wa kwanza.

Tuliporudi, mumewe Mbaruk alifungua mlango akamkuta wa manjano kuanzia kipaji cha uso hadi vidole, kama bi harusi aliyetoka kusingwa manjano mwili mzima.

"Yarabi! Mwanamke, umeolewa na nani huko Mombasa?"

"Keti," akasema mama mkubwa, akivua buibui. "Nina maradhi ambayo hujapata kuyasikia."

Mbaruk akaketi. Yalikuwa mengi.