Siku Shangazi Alipotia Chumvi

Jirani yangu hapa Tunduma akipika majani ya maboga kwa karanga, harufu huruka ukuta na kunikuta popote nilipo. Ninaweza kuwa nafua au nagombana na watoto kuhusu viatu vya shule. Karanga zikianza tu kutoa mafuta, nasahau nilichokuwa nasema. Nanyi mnakijua chakula hiki. Majani, nyanya, kitunguu, karanga mbichi zilizotwangwa, chumvi, basi. Hata mvivu wa jikoni hawezi kukiharibu sana. Lakini mimi niliwahi kukiona kikipikwa roho ikiwa mkononi, na hadi leo siwezi kukiita mboga ya kawaida.

Nilikuwa darasa la tatu, tukiishi kando ya Isongole. Baba alikuwa akichimba dhahabu kule Mkwajuni. Safari hiyo alirudi nyumbani kupumzika akiwa mzima kabisa, akacheka, akala, na kabla hajarudi machimboni tumbo likamwangusha. Hospitali walimpa dawa wakamwambia ale vizuri. Shida ikawa hapo hapo kwenye kula, maana kila alichomeza kilirudi. Basi kisimani wakaanza kuulizana: mtu amekuja mzima, amekula nini kwake hadi akawa hivi? Nani alimpikia?

Ndipo alipokuja shangazi kutoka Ibaba. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alishuka kwenye pikipiki akiwa na sufuria yake, chumvi yake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na dumu la maji. Maji, jamani! Ameyabeba kutoka milima yote ile, kana kwamba sisi Isongole tulikuwa tunakunywa vumbi. Mimi nilicheka. Mama hakucheka.

"Mama Atu, umechoka," shangazi alimwambia mama kwa upole. "Wewe pumzika. Mdogo wangu nitampikia mimi."

Nilifurahi kwamba mama amepata msaidizi. Furaha hiyo iliisha jioni, nilipotumwa kuni nikawasikia shangazi na baba mdogo wakizungumza nyuma ya ghala la mahindi. Baba mdogo alisema, "Huyu akifa, mwanamke arudi kwao Mbozi. Watoto ni wetu, watabaki." Shangazi aligeuka, akaitazama nyumba yetu. Niliziokota zile kuni bila kuziona, nikarudi nazo jikoni, na sikumwambia mtu.

Kuanzia hapo nilikuwa nahesabu matonge ya baba kwa macho. Shangazi alimpikia mchuzi wa kuku, ukarudi. Akampikia uji wa ulezi, ukarudi. Mama alikaa uani akichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, na jikoni kwake haingii.

Kisha siku moja mchana baba akasema, kwa sauti ndogo, "Dada, nataka majani ya maboga."

"Nitakupikia sasa hivi."

"Ya Mama Atu. Wewe unazidisha magadi."

Ingekuwa siku nyingine tungecheka sote. Shangazi alisimama pale na bakuli lake, uso umemshuka. Niliomba Mungu mama akatae. Nilijua kwamba akipika, na baba akazidiwa, hakuna atakayekumbuka kwamba aliomba mwenyewe.

Mama alikuwa mlangoni. Akasema, "Wifi, twende tukapike wote."

Akamwomba shangazi aende bustanini akachume majani. Niliona aibu, mgeni anatumwa bustanini! Shangazi alikwenda, akarudi na majani machanga mkononi. Mama akakaa kwenye mwanga wa mlango akivuta nyuzi za vikonyo, moja moja, polepole. Akaomba sufuria ya shangazi. Akaomba maji ya kwenye dumu. Karanga akamsogezea shangazi pamoja na kinu, na shangazi akatwanga. Mimi nilishikilia nguzo ya jiko. Povu la karanga likapanda hadi ukingoni, mama akakoroga mpaka likashuka, mafuta yakaanza kuonekana pembeni.

"Wifi, tia chumvi."

"Tia tu wewe. Mpishi ni wewe."

"Hapana. Tia wewe. Ya kwako."

Shangazi akafungua ule mfuko wa nailoni, akatia. Mama akakoroga, akadondosha tone kiganjani mwake, akalamba. Halafu akadondosha jingine kwenye kiganja cha shangazi. Shangazi aliliangalia lile tone. Akalamba.

"Imekolea," akasema.

Baba alikula tonge dogo, tukasubiri. Halikurudi. Akala la pili, akaomba ugali kidogo zaidi, na shangazi akatoka kwenda nyuma ya nyumba kulia. Tangu siku hiyo walipika pamoja, sufuria moja, na baba akapata nguvu ya kukaa uani na kutukosoa tunavyopukuchua mahindi. Lakini ugonjwa ulirudi. Alifariki kabla ya mvua.

Baada ya maziko ndugu walikaa kikao, na baba mdogo akauliza mbele ya watu wote marehemu alikuwa anakula nini. Shangazi akasimama, kanga kiunoni.

"Nilichuma mimi. Nilitwanga mimi. Chumvi nilitia mimi, nikaonja. Mwenye neno juu ya mke wa mdogo wangu, aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Tulibaki kwenye nyumba yetu, na mama yetu.

Miaka mingi nilisimulia kwamba siku ile mama alimpikia baba ili apone, na shangazi akaona kwa macho yake kwamba mama hana hatia. Nilipopata watoto wangu mwenyewe ndipo nilipomuuliza mama kwa nini alimng'ang'aniza wifi yake atie ile chumvi. Alinijibu huku anamnawisha mjukuu mikono. Alisema tangu asubuhi ya siku ile alikuwa ameshajua kwamba baba hatapona, na kwamba kutakuwa na kikao.