Miguu Minne Chini ya Fremu

Wiki iliyopita nilirudi Nyamirambo, ndugu yangu, na laiti ningebaki zangu nyumbani Kanombe. Nilipanda pikipiki, picha ya babu nimeipakata, nimeizungushia kitenge cha mama ili isipate hata mkwaruzo. Mama ana miaka themanini na ushee na macho yamemwisha. Anasema baba yake amekuwa mdogo mno pale ukutani, hamwoni tena, basi nimkuzie picha iwe kubwa, amtazame vizuri kabla hajaondoka. Alisema hivyo hivyo, "kabla sijaondoka," kama mtu anayengoja basi.

Dada wa studio ya picha akasema lazima fremu ivuliwe kwanza. Mimi kwa mdomo wangu nikamwambia, haya, ivue. Alipokuwa anahangaika na misumari ile yenye kutu, harufu ya mbao na vanishi ya zamani ikanipanda puani, na pale pale nikawa mtoto wa miaka tisa.

Nyamirambo ya wakati ule, kama uliiona, huwezi kuisahau. Vumbi jekundu, adhana, mafuta ya sambusa yakichemka barazani, na Kiswahili kutwa nzima mpaka kwenye ugomvi. Nyumba ya bibi, mama yake mama, tulimokaa sote, ilipakana na karakana ya jirani yetu, seremala mzee tuliyemwita Mzee Fundi. Asubuhi tuliamshwa na randa yake ikipita juu ya ubao. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuchambua maharage, halafu kwenda na gunia kuzoa maranda kule kwake, kwa sababu bibi alipikia jiko la maranda. Unasimamisha chupa katikati ya debe, unashindilia maranda pande zote, ukiichomoa chupa linabaki tundu la moto. Ukishindilia vibaya maharage hayaivi, na bibi anakununia mpaka kesho yake. Maharage yale yalinuka moshi wa mbao, na sijayaonja tena popote.

Nikimaliza kuzoa, Mzee Fundi alishusha kopo la biskuti lililojaa picha za vita. Alipigana upande wa Waingereza katika vita vile vya pili, huko Burma, akarudi na kopo lile na kikohozi. Kwake picha ya vita haikutazamwa, ilisomwa, na alitusomesha watoto wote wa mtaa kwa ukali kuliko mwalimu wa shule.

"Acha sura, sura zinafanana," alikuwa akituambia. "Acha nguo, nguo zinaazimwa. Tazama bunduki."

Basi tukatazama bunduki. Breni ilikuwa na magazini iliyochomekwa juu, imepinda kama ndizi. Luwisi ilibeba sahani ya risasi mgongoni. Ila kubwa lao lilikuwa bombomu. Ndivyo wazee walivyoiita ile bunduki nzito inayomimina risasi bila kupumua, mtutu wake umevishwa pipa la maji usiungue. Mabombomu yalifanana, la Mwingereza na la Mjerumani, mpaka uangalie chini. La Mwingereza lilikaa juu ya miguu mitatu, kama chungu juu ya mafiga. La Mjerumani, lile la vita vya kwanza, lilikuwa na minne, na watu wawili walilibeba kama machela. Hilo la Mjerumani halikuwamo koponi. Mzee Fundi alituchorea kwa kidole kwenye maranda, sakafuni, mguu mmoja mmoja.

Siku moja nikamuuliza amelijulia wapi. Akasema baba yake alikuwa askari wa Mjerumani. Nikamuuliza, mbona picha ya baba yako haimo humu?

"Nilimpa mtu," akasema, akafunika kopo.

Niliona ni jibu la kizee tu, nikabeba gunia langu nikaenda.

Nikawa bingwa, usinicheke. Bibi alinung'unika kwamba msichana anayehesabu miguu ya bunduki hataolewa, na kweli nilichelewa. Nilisoma kila picha isipokuwa ya babu. Babu aliondoka mama akiwa tumboni, akaenda Uganda kutafuta kazi, akajiandikisha jeshini kwa Waingereza, hakurudi wala haikuja barua. Picha yake ilining'inia sebuleni kwa bibi: mwanamume kichwa wazi, mikono ya shati ameikunja, amekaa nyuma ya bombomu. Pipa la maji nililiona. Miguu sikuiona, kwa sababu ubao wa chini wa fremu ulikuwa mpana mara mbili ya ule wa juu. Na fremu aliitengeneza Mzee Fundi, mtu ambaye milango yake haikupitisha hata unyasi! Tulimtania sana kwa fremu ile. Akajibu kwamba siku hiyo mkono ulimteleza. Mimi nikawa namlalamikia mama kila mara kwamba picha ya babu haisomeki.

Mama alitusimulia ilivyofika. Zilibaki siku tatu aolewe, naye analia, anakwenda kuanza nyumba yake na hajui baba yake alifananaje. Jioni Mzee Fundi akaja na picha, imeshatiwa fremu, akasema ameipata kwa wenzake wa vitani. Bibi akaitazama. Akaingia jikoni, akakaa humo mpaka chakula kikaanza kushika sufuria. Alipotoka alisema neno moja tu, "Ndiye." Mama alipenda kuisimulia sehemu hiyo, alidhani bibi aliingia jikoni kulia kwa furaha.

Mwaka ule wa mauaji, ambao sitausimulia hapa, mama aliacha magodoro, akaacha sufuria jikoni, akakimbia na fremu. Bibi alishakufa, na Mzee Fundi pia. Karakana iliungua na kopo la biskuti ndani yake.

Basi dada wa studio akaitoa picha, akaipitisha kwenye mashine, ikatokea kwenye kompyuta pana na safi. Nikahesabu. Nikahesabu tena, kidole kwenye kioo, mpaka yule dada akanitazama. Miguu minne. Wakati bombomu lile la Mjerumani linabebwa, babu yangu alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Nikalisikia lile jibu la Mzee Fundi, nilimpa mtu, nikavuta kiti nikakaa.

Dada akauliza kama akuze yote, au akate huku chini kulikoharibika. Nikamwambia akate.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameketi kitandani, ameshajifunga kitambaa kipya kichwani kwa ajili ya mgeni wake. Nikamwekea picha mapajani. Akaipapasa, akaisogeza karibu na uso, akacheka peke yake. Kisha akanikumbuka mimi wa zamani.

"Si fremu imetoka? Umeiona miguu ya bombomu la baba yangu?"

"Nimeiona, mama."

"Mingapi?"

"Mitatu."

"Mwingereza," akasema, akaridhika kabisa.

Nilikwenda jikoni. Ninapikia gesi siku hizi, hakuna hata kinachoungua cha kunipa kisingizio, nikasimama tu pale nimeshika meza. Hapo nikamwelewa bibi. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho kuijua sura ya babu, na alikubali ifutike kabisa ili binti yake aolewe ana baba. Na Mzee Fundi alimtoa baba yake mwenyewe, akampigilia misumari kwa jina la mtu mwingine, akaishi jirani naye miaka yote akimwangalia kupitia dirisha la watu. Nilizoa maranda yake utoto wangu mzima na sikuwahi kumuuliza baba yake aliitwa nani. Sasa hayupo wa kumuuliza. Pale kwenye karakana wanauza simu.

Mimi sina raha tena na ukuta ule. Nina wafu wawili, mmoja sina sura yake, mwingine sina jina lake, na siwezi kumlilia yeyote kwa sauti kwa sababu mama yuko macho. Kila asubuhi ananiita nimsalimie babu yangu, na mimi namsalimia.