Vitabu Vilivyounguza Njugu

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, sisi wauza njugu wa soko la Ekerenyo tulirudi kwenye karatasi. Wenzangu walifungia kwa gazeti, lakini gazeti huacha wino kwenye chumvi, na mteja akiramba kidole anakuta kimekuwa cheusi. Karatasi nzuri kuliko zote ni ya kitabu cha hadithi, kile cha zamani chenye kurasa za rangi ya uji. Inakunjika kama pembe bila kupasuka, na mafuta hayapenyi haraka.

Zilipatikana kwa wingi mtaala ulipobadilishwa. Shule zilisafisha stoo, vitabu vya zamani vikauzwa kwa kilo, na mtu mmoja mwenye pikipiki akawa ananiletea gunia kila baada ya wiki kadhaa. Sitamtaja. Majina yote ninayo, ya walimu, ya watoto, hata ya mwenye mzani. Kichwa changu hakijawahi kuangusha jina la mtu tangu nizaliwe. Lakini haya ninayoandika yana aibu ndani yake, na aibu hiyo ni yangu peke yangu. Sioni kwa nini niwagawie watu wengine.

Mimi niliishia darasa la tatu. Shule iliyobaki nimeisomea kwenye karatasi za njugu, kipande leo, kipande kesho, nikijua mwanzo wa hadithi hii na mwisho wa ile.

Mwishoni mwa Julai, miaka kadhaa iliyopita, mwalimu wa gredi ya tatu alikuja kwenye meza yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, bado kijana, anafundisha shule iliyo chini ya shamba letu la majani chai. Mjukuu wangu alikuwa darasani kwake. Huyo mjukuu ni wa binti yangu wa mwisho, aliyemzaa kabla ya kuolewa upande wa Ogembo. Mama akaenda kwa mume, mtoto akabaki kwangu. Amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi humwita mama.

"Bwakire, magokoro," mwalimu akanisalimu kwa Kigusii, akiniita bibi.

"Bwakire, mwalimu. Nikupimie za ngapi?"

"Leo si njugu. Nimekuja kwa habari ya mjukuu wako."

"Amepigana?"

"Angepigana ningefurahi. Hajui kusoma."

Nilicheka mpaka jirani yangu anayeuza chinsaga akageuka na mboga mkononi. "Yule? Yule husoma nyumbani kama redio!"

"Ndiyo," mwalimu akasema. "Kama redio. Na redio haina macho."

Akanieleza. Siku hiyo asubuhi alimpa mtoto kitabu cha darasa, akakifungua katikati, akamwambia asome hapo. Mtoto akasoma vizuri sana, bila kukwama, akifuata mistari kwa kidole. Tatizo ni kwamba alisoma ukurasa wa kwanza. Mwalimu akafungua pengine. Mtoto akasoma ule ule wa kwanza. Alikuwa amewasikia wenzake wakisoma, akashika kila neno, na kwa miaka mitatu hakuna mwalimu aliyegundua.

Nilijua ameitoa wapi kumbukumbu hiyo. Wakati wengine wanarithi shamba, yeye alikuwa amerithi kichwa changu.

"Kwa hiyo ni mjinga?" nikauliza.

"Si mjinga, magokoro. Ana akili inayomficha. Na mwakani anaingia gredi ya nne, masomo yote ni kwa Kiingereza. Akivuka pale bila kusoma, hakuna mtu atakayerudi nyuma kumchukua."

"Tufanye nini?"

"Vitabu vya darasani vyote ameshavisikia. Nahitaji ambavyo hakuna mtu amewahi kumsomea. Akikosa cha kukumbuka, itabidi aangalie." Macho yake yakashuka kwenye gunia langu.

Ndivyo mimi, wa darasa la tatu, nilivyoanza kuwachagulia walimu vitabu vya kusoma likizo ya Agosti. Nasema walimu kwa sababu huyo hakuwa peke yake. Nilimwambia avisome yeye kwanza, maana huwezi kumgawia mtoto chakula ambacho hujaonja, naye akaangalia chini.

"Magokoro, nikwambie ukweli? Tangu nizaliwe sijawahi kusoma kitabu ambacho hakina mtihani mwishoni."

Siku ya soko iliyofuata alileta wenzake wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa kiume, mrefu, na viatu vyake vilikuwa safi sana kwa matope ya Ekerenyo.

"Yaani sisi wa digrii tumekuja kuomba vitabu kwa muuza njugu?" akasema.

"Digrii yako nimeifungia njugu jana," nikamjibu. "Kaa kwenye gunia au uende."

Akakaa. Nikampa kitabu kinene kidogo, habari za fundi wa viatu mwenye mguu mmoja aliyeshtakiwa kwa kuiba kiatu. Wiki iliyofuata alirudi amekasirika kama mtu aliyeuziwa ndizi mbichi ndani, mbivu nje.

"Magokoro, kesi imefika kwa hakimu, hakimu amefungua mdomo, kitabu kimeisha!"

"Kurasa za mwisho niliuza."

"Uliuza kwa nani?"

"Kwa watu waliotaka njugu."

"Lakini aliachiliwa?"

"Alifungwa," mwalimu wa gredi ya tatu akadakia. "Mtu maskini, unafikiri angeachiliwa?"

"Wewe umesoma mwisho?"

"Sijasoma. Najua dunia."

Walibishana mpaka mvua ikaanguka. Ilikuwa furaha, sitakataa. Lakini yule wa viatu safi hakurudi tena. Shule zilipofunguliwa alirudi kwenye mitihani yake, na yule mwingine alijifungua akahamia kwao. Akabaki mmoja.

Sasa nieleze nilivyokuwa nikivichagua. Njugu nilikuwa nikizikaanga nyumbani jioni, kabla ya giza, kwenye karai nje ya jiko. Kabla sijachana kitabu, nilikisoma. Nikikisoma huku nakoroga na njugu zikatoka sawasawa, kitabu hicho hakina kitu, nakichana. Kikinishika mpaka nisikie harufu ya kuungua, nakiweka kando kwa mwalimu. Agosti ile niliunguza karai nyingi. Kulikuwa na kile cha kuku aliyetaga ndani ya kofia ya chifu, chifu akakataa kuvaa kofia nyingine wala kumfukuza kuku, akaenda baraza kichwa wazi. Hicho nilikirudia mara tatu, kwa sababu mimi ni mzito: mara ya kwanza naokota herufi, ya pili napata maneno, ya tatu ndipo nasikia hadithi.

Na mjukuu wangu alikuwa hapo hapo, miguu ameinyoosha, ungo kwenye mapaja, ananimenyea njugu za kesho.

Ukisoma haya unaona tayari. Mimi sikuona. Mwalimu aliniambia vitabu ambavyo hakuna mtu amewahi kumsomea mtoto, nami nikaitikia kwa moyo safi, nikaenda kumsomea vyote, kimoja kimoja, kwa sauti, mara tatu. Sikuhesabu kwamba nilikuwa nasoma. Kwangu mimi, kusoma ni jambo la shule, lina mwalimu na ubao. Mimi nilikuwa nachagua karatasi.

Shule ilipofunguliwa mwalimu alivipanga vitabu vyangu darasani, kwenye rafu aliyotengeneza kwa mbao za kreti za soda. Nilikuwa nimevivalisha majalada ya karatasi ya saruji. Baada ya wiki mbili alinijia sokoni anakimbia, mkoba unampiga kiunoni.

"Magokoro! Amesoma!"

"Nani?"

"Mtoto wako! Nimempa cha kuku. Nimefungua katikati, kama siku ile. Amesoma pale pale nilipofungua. Nimefungua mwisho, akasoma mwisho!"

Jirani wa chinsaga alipiga vigelegele bila kuuliza ni habari gani. Mimi nilimfungia mwalimu njugu kubwa, nikakataa hela yake. Niliona ni kazi ya Mungu na ya gunia.

Baadaye nilielewa jinsi ilivyowezekana. Vitabu vile vilikuwa na picha kila ukurasa, na mtoto, akiwa karibu nami, aliziona nilipokuwa nageuza. Picha ya chifu kichwa wazi ilikuwa na maneno yake kichwani mwake, picha ya kuku na maneno yake. Hakuwa anadanganya. Nilipomuuliza, miezi mingi baadaye, alinijibu bila hofu: "Lakini magokoro, si hivyo ndivyo watu wanavyosoma?" Alidhani sote tunafanya hivyo. Alidhani mtu akitazama kitabu anakumbuka.

Mwaka ukaisha. Mwalimu alimwandika kwenye orodha ya wanaosoma, na huyo alikuwa wa mwisho kuandikwa darasa zima. Likizo ya Desemba mwalimu akapata uhamisho, amfuate mume wake upande wa Nyacheki. Alikuja kuniaga nyumbani. Tulikunywa chai, akamlilia mtoto kidogo, akamwachia zawadi: kitabu kipya kutoka duka la Kisii mjini, bado kinanuka gundi. "Umsomee magokoro," akamwambia, kisha akapanda pikipiki.

Hata moshi wa pikipiki haujatawanyika, nikamwambia mtoto, "Haya mama, nisomee."

Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na lori, na juu ya lori mbuzi mmoja amesimama. Akaweka kidole kwenye mstari. Akageuza, akarudi. Nikaona shingo yake inapata jasho. Kisha akavuta pumzi, akaanza vizuri kabisa, sauti yake ya redio: "Hapo zamani chifu mmoja alivua kofia yake akaiweka juu ya kiti..."

Nilitazama lori. Nilimtazama mbuzi. Yeye aliendelea, anageuza kurasa kwa wakati wake, chifu anaenda baraza, na kwenye picha mbuzi anashuka kwenye lori kuingia mtoni. Alisoma mpaka mwisho wa hadithi, na kitabu kilikuwa bado na kurasa nne. Akakifunga, akanitazama kama anavyotazama mtu anayengoja kusifiwa.

"Umesoma vizuri," nikamwambia. Sikujua neno lingine.

Januari nilimwendea mwalimu mpya wa gredi ya nne. Darasa lilijaa hadi mlangoni, watoto wengine wanaandikia magotini. Alinisikiliza, sitamsingizia. Kisha akafungua kabati, akanionyesha jina la mjukuu wangu kwenye karatasi.

"Mama, hapa imeandikwa anasoma."

"Hasomi."

"Imeandikwa na mwalimu wake."

"Mwalimu alikosea. Mimi ndiye niliyemkosesha."

Alinitazama kwa huruma ile ambayo watu humpa mzee anayesema peke yake. "Nitamwangalia," akasema. Nadhani alikusudia. Lakini mtoto asiyepiga kelele na anayejibu kila kitu kwa mdomo, nani ana muda wa kumwangalia?

Nikaona nimpigie yule wa Nyacheki, yeye aandike upya, aseme alivyoona Julai. Nilikaa na simu siku mbili. Nilipopiga alipokea akiwa na kelele za watoto nyuma yake.

"Magokoro! Msomaji wangu anaendeleaje?"

Nikafungua mdomo.

"Unajua," akasema kabla sijatoa sauti, "huku ni kugumu. Hakuna kitabu, hakuna gunia lako. Siku nikichoka kabisa nawaambia walimu wenzangu habari ya mtoto wako. Nawaambia, nilimpata mmoja. Hata nisipompata mwingine, nilimpata mmoja."

"Anasoma," nikamwambia.

"Mungu akubariki."

Nikakata simu. Hakuna uwongo niliowahi kusema kwa ufupi hivyo.

Vitabu kwenye rafu ya kreti viliingizwa kwenye boksi, wakasema si vya mtaala. Yule wa pikipiki siku hizi haleti tena gunia. Shule zimeshamaliza vitabu vya zamani. Njugu nafungia karatasi za matangazo ya mazishi na za kampeni.

Mjukuu yuko gredi ya saba sasa. Ni mrefu kuliko mimi. Anajua kila wimbo wa kanisa, kila tangazo, madeni ya watu wote wa soko kwa miaka miwili, na mvua ilinyesha siku gani. Mtihani wa kuandika unarudi mweupe. Walimu wanasema ni mvivu, na mwaka jana mmoja alisema ana kiburi. Hakuna aliyesema hajui kusoma, maana imeandikwa anasoma, na wao wanaosoma wanaamini kilichoandikwa.

Nimejaribu mwenyewe. Jumapili mchana, tukishatoka kuchuma chai, tunakaa kwenye benchi, kitabu cha lori kimelala kati yetu. Nataka nimfundishe kama nilivyofundishwa, ba, be, bi. Lakini mimi siwezi kusoma bila sauti. Sikufika darasa ambalo watoto hufundishwa kusoma kwa macho tu. Nikisoma mstari mmoja ameshaushika, na ukishakuwa kichwani mwake hana haja tena ya kuutazama. Kila nikifungua mdomo kumsaidia, nimemnyang'anya mstari mwingine. Zimebaki kurasa chache sana ambazo hajazisikia, nazilinda kama mtu anavyolinda mbegu ya mwisho.

"Soma," namwambia.

"Anza wewe, magokoro. Mstari mmoja tu."

Nafunga mdomo. Nikiufunga, herufi kwangu pia zinalala, ni wino tu. Naweka kidole changu chini ya neno la kwanza, yeye anaweka chake juu ya changu, na tunalitazama neno hilo, wote wawili, mpaka ng'ombe anaanza kulia na mtoto anainuka kwenda kumkatia majani.