Siku Mama Alipozuiwa Mlangoni

Utotoni mwangu, tulipokuwa tukikaa kwenye fleti ya kupanga huko Kilburn, London, niliweza kujua kama kuna mtu amekufa kazini kwa Shangazi Felista kwa jinsi alivyoingia kwetu. Alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza huko Thamesmead, na mzee akifariki kwenye zamu yake, hakumsalimu mama mpaka aoge na kubadilisha nguo, hata kama chai imeshamiminwa. Mama alikuwa mjamzito. Kwao Bungoma, shangazi alisema, mwenye mimba hatazami maiti, kwa sababu kifo kikishamjua mtoto kitamfuata. Mama hakubishana naye. Alikuwa amepoteza mimba kabla ya hiyo, na nadhani hakutaka kukataa ulinzi wa aina yoyote.

Ulinzi wake mwenyewe ulikuwa hija. Parokia yetu ilikodi basi kwenda kwenye kanisa la kale juu ya kilima, kaskazini mwa Italia, ambako wanawake huenda kumwomba Mama Maria wajifungue salama. Picha ya sanamu yake ilikaa kwenye mlango wa friji yetu: Maria wa mbao mwenye taji la dhahabu, mtoto kifuani. Mama alitaka kupiga magoti mbele yake akiwa na tumbo lile. Baba alikuwa kazini, kwa hiyo shangazi alikuja kubeba mizigo, na kunichunga mimi.

Tulipanda ngazi polepole, mama akipumzika kila penye kivuli. Juu kabisa, mwanamke mmoja wa kundi letu alitoka kanisani akijipepea, akatuambia kwa furaha kwamba chini ya altare kuna mtakatifu amelala kwenye sanduku la kioo, amevishwa hariri, hata kucha zinaonekana.

Shangazi akamshika mama mkono. "Mulamwa," alisema, kama Waluhya wanavyomwita shemeji, "hapo huingii."

"Nimetoka London, Felista."

"Tumetoka wote."

Mama angeweza kujinasua. Badala yake aliketi kwenye benchi la mawe nje ya mlango, akanituma ndani nikaangalie.

Sijawahi kuingia mahali palipojaa hivyo. Baadaye nilisoma kwamba mtindo ule unaitwa Baroko. Siku ile niliona tu kwamba hakuna aliyetulia. Malaika wanono walining'inia darini, watakatifu walipinda shingo kama walioitwa kwa nyuma, dhahabu ilipanda ukutani kama mmea. Maria alikuwa juu ya altare, mdogo kuliko nilivyotarajia. Chini yake, kwenye kioo, ndiye yule aliyelala. Mzee mwenye funguo aliniona nikimtazama, akanieleza kwa Kiingereza cha shida kwamba yule ni wa nta.

Nilitoka mbio. "Shangazi, si maiti. Ni nta."

"Na ndani ya nta kuna nini?"

Nilirudi kumuuliza mzee. "Mifupa," nikamletea. "Lakini kidogo."

"Kidogo," shangazi alimwambia mama, kana kwamba nimemshindia kesi.

Watu wa kundi letu walipita wakiingia na kutoka. Mmoja alisema waziwazi kwamba huo ni ushamba. Mama alianza kulia bila sauti, na hilo ndilo lililomshinda shangazi. Aliingia mwenyewe, akazunguka, akarudi na mpango: kulikuwa na mlango wa pembeni, mama angefungwa leso machoni, tungemwongoza mpaka mbele ya Maria, halafu angefunguliwa akiwa ameinua uso juu.

Tulimfunga leso. Tukamzungusha, mimi mkono huu, shangazi ule. Tulipofika, mzee alikuwa anatia komeo. Chakula cha mchana. Kanisa lingefunguliwa alasiri, basi letu likiwa limeshaondoka. Shangazi alimsihi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akamwonyesha tumbo la mama. Mzee akaonyesha tumbo lake mwenyewe, akaenda zake.

"Tumefika?" mama aliuliza, leso bado machoni.



Ndugu yangu alizaliwa salama. Shangazi alisema tumeona faida ya kusikia. Padri alisema Maria haangalii mlango. Daktari alitaja uzi alioshonea mlango wa kizazi ili mimba isitoke. Wote walifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonikera miaka mingi, kwa sababu baada yake hakuna aliyeweza kuuliza kama lile benchi lilikuwa la lazima.

Siku hizi simlaumu shangazi. Kazini aliwaosha wafu wa watu wengine. Alijua jinsi kifo kinavyoingia bila kubisha, na hakuwa na kingine cha kukizuia ila mkono wa mama. Tena, mimba ile ingeharibika, lawama ingemwangukia yeye aliyetunyima baraka. Alikubali kuibeba. Naelewa haya yote, na bado nakereka.

Mwaka jana nilimwambia mama nitamkatia tiketi ya ndege, twende sisi wawili, aingie kwa mlango mkubwa. Alikuwa anamkunjia ndugu yangu mashati. Hakuinua macho.

"Niende kuomba nini sasa?" alisema.