Masikio ya Baysangur

Clothilde wa Lewisville, huko ughaibuni, mnamfahamu, na kama si yeye basi mwenzake: mama wa Uvira, kambini miaka tisa, kiwandani miwili, sasa anatunza wazee majumbani mwao. Wateja wawili walishamkataa, wa kwanza kwa sababu anaimba, wa pili kwa sababu ameacha kuimba. Ofisi ikamwambia: wa tatu akikukataa, kazi basi.

Wa tatu alikuwa Mzee Salambek, Mchecheni mpole mwenye wimbo mmoja kwenye simu. Ulikuwa wimbo wa Baysangur, shujaa wao wa zamani, ambaye wanasema vita vilimla mkono, jicho na mguu, akafungwa juu ya farasi aendelee kupigana. Clothilde hakuyajua hayo. Yeye alisikia "sungura". Wimbo mzima, sungura. Akafurahi, jamani, kwamba ngano za bibi yake zimefika huko kote. Kila kiitikio kikija, anaweka vidole viwili kichwani na kurukaruka, sahani mkononi.

Mzee akadhani ni saluti ya Afrika. Akaiga, uso ameukaza. Ijumaa wazee wenzake wanne walipokuja kunywa chai, akawafundisha.

Binti yake, Zarema, akaingia akawakuta wima wote watano, vidole kichwani, machozi yakiwatoka.

"Hivyo vidole ni nini?"

Kiingereza cha Clothilde hakikuwa na nafasi ya uongo. "Masikio."

"Ya nani?"

"Ya sungura, dada. Si ndiye anaimbwa?"

Mzee akawatafsiria wenzake. Vidole vikashuka kimoja kimoja. Zarema akatoa simu apigie ofisi.

"Ngoja," mzee akasema. "Huyo sungura aliwahi kujisalimisha?"

"Yeye? Hata kwa tembo, baba, hakujisalimisha."

"Mguu alipoteza?"

"Walimshika mguu. Akawacheka, akasema mmeshika mzizi, wajinga ninyi. Wakauachia mguu, wakakamata mzizi."

Wazee wakabishana kwa Kichecheni hadi chai ikapoa. Mwishowe mmoja akapangusa macho, akasema neno, na mzee akamtafsiria Clothilde:

"Anasema Baysangur hakupata mtu wa kumwambia habari za mzizi."

Wote wakatikisa vichwa kwa uchungu.

Zarema akaitazama simu, akamtazama baba yake, ambaye masikio yake yalisharudi juu.

"Kesho njoo saa tatu," akamwambia Clothilde. "Na kabla ya kumsimulia habari za mnyama mwingine, niulize kwanza."