Petroli aliyoiacha babu yenu

Wajukuu zangu, mmenitupa kabisa! Mti wa mjohoro umeangukia jiko langu na hakuna hata mmoja wenu aliyekuja.

Leo nikamtolea fundi wa Nyakato chenso, ule msumeno wa petroli wa marehemu babu yenu, aukate.
Akavuta kamba mpaka jasho likamtoka.
Mashine haikuwaka.

"Bibi, hii petroli imo humu tangu lini?"
"Tangu mzee yuko hai."
"Basi imeharibika, imeziba kabureta."
"Koma! Mashine naifuta vumbi kila Jumamosi!"
"Vumbi sawa, bibi. Lakini petroli ulitakiwa uimwage."

Niimwage vipi?
Aliichanganya na oili kwa mkono wake, asubuhi ya siku aliyofariki.
Kifuniko sijawahi kukigusa, nisije nikapoteza ile harufu ya petroli iliyokuwa kwenye shati lake la kazi.

Nikamfukuza fundi. Hakuondoka, kijana king'ang'anizi yule.
"Sasa bibi, utapika wapi?"

Nikafungua kifuniko. Nikamwaga mwenyewe.
Ilikuwa nyeusi, inanuka vanishi.
Babu yenu hakuwemo, jamani. Sijui alitoka lini.

Fundi akasafisha kabureta, akatia petroli mpya, mashine ikanguruma, akaukata mti. Nikalia kama mtoto mbele ya mtu baki.
Nyie mngeweza kuimwaga? Semeni ukweli.

Mkija, msije na pole zenu. Washeni chenso, mpasue magogo yaliyobaki. Mkimaliza, petroli yote itakayobaki mmwage nyie wenyewe. Mimi kumwaga tena siwezi.